Haja Ndogo ya Meneja

"Hajazaliwa wa kunipita mimi," alisema Kipa, akivunja yai jingine kwenye ukingo wa kikaango. "Mpira, sahani, nzi, chochote kikishakuwa hewani, hesabu kimeshadakwa. Sembuse mkojo wa paka?"

Mkewe alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu vya kazi. Alimtupia lile jicho ambalo wake za watu huwatunzia waume wanaojisifu kabla ya kifungua kinywa, na jicho hilo lilisema neno moja tu: keki.

Ndiyo, keki. Tusipoanza na keki, hatutaelewana huko mbele.

Kipa alikuwa mchanganyaji rangi katika duka la rangi za nyumba, na siku za mapumziko alilinda lango la timu ya mtaa. Siku ya harusi yake, mama mkwe alioka keki kwa mikono yake mwenyewe, ya ngazi tatu, nyeupe kama shati la mwanafunzi siku ya kufungua shule. Bwana harusi akakataa katakata isibebwe na mtu mwingine. "Kwa mikono ipi?" akawauliza wapambe. Akaibeba. Mbele ya ukoo wa mke na ukoo wa mume, keki ikampita katikati ya mikono hiyo hiyo, ikatua chini kwa ngazi zote tatu.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "huyo bwana". "Huyo bwana amekula?" "Mwambie huyo bwana komeo la bafuni limelegea." Ilhali mume wa binti yake mkubwa, mtu ambaye hajui hata mpira una pembe ngapi, yeye alikuwa "mwanangu" asubuhi, mchana na jioni. Kipa alicheka mbele za watu, lakini neno hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alilitaka. Alilitaka kuliko kombe.

Sasa bahati ilikuwa imebisha hodi ndani ya kikapu. Dada yake mama mkwe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na mama mkwe alilazimika kwenda kumuuguza. Akamwacha paka wake kwa binti yake, yaani kwa Kipa.

Paka huyo aliitwa Meneja. Alikuwa wa marehemu baba mkwe: rangi ya chungwa, mwili mkubwa, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesubiri aletewe taarifa na anajua itakuwa mbovu. Na alikuwa na kisukari. Daktari wa wanyama alikuwa ndiyo kwanza amembadilishia kipimo cha insulini, kwa hiyo akaja mwenyewe nyumbani, mama mkwe akiwa bado hajaondoka, kuwapa wote maelekezo.

"Sindano ataendelea kuchomwa asubuhi na jioni," alisema daktari. "Ila kwa siku hizi chache nataka mpime na ketoni. Sikilizeni vizuri. Mwili wa mgonjwa wa kisukari una sukari tele lakini unashindwa kuitumia. Ukishindwa, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ndio ketoni. Zikizidi ni sumu. Paka anasusa chakula, anatapika, analala asiamke."

Mama mkwe akaangalia pembeni.

Daktari akatoa kijiti chembamba cha plastiki chenye viraka viwili mwishoni. "Hiki cha kwanza ni cha sukari. Meneja hakosi sukari kidogo, msishtuke kikibadilika. Hiki cha pili ndicho cha ketoni. Mnachovya kwenye mkojo, mnasubiri kidogo. Kikibaki rangi ya krimu, shukuruni. Kikienda zambarau, msinywe hata chai, nipigieni simu."

"Na huo mkojo tunaupataje?" akauliza mke wa Kipa.

"Rahisi. Ondoeni mchanga kwenye beseni lake, wekeni kokoto ndogo zilizooshwa. Kokoto hazinyonyi. Akimaliza, mnavuta kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano."

Kipa akacheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, kokoto ni za watu wasio na mikono. Mimi nipe upawa tu, nitaudaka ukiwa hewani."

"Basi kazi tumegawana," mkewe akasema. "Mimi sindano. Wewe kudaka."

Hapo ndipo mama mkwe alipomgeukia Kipa, na pakawa na mashaka kidogo. Mtu hawezi kutamka mkojo mbele ya mkwewe, na mkwe hawezi kuusikia. Wote wawili wakatazama dari. "Huyo bwana," mama mkwe akasema hatimaye, akimwambia binti yake, "atanipa ile habari kila asubuhi."

"Ile habari nitakupa, mama," Kipa akaiambia dari.

Katika nyumba hiyo aliishi pia shangazi wa mke, mama mtu mzima sana, mpole, masikio mazito. Kiti chake kilikuwa kwenye ujia, mkabala na bafu, kwa sababu dirisha la pale ndilo lenye mwanga. Alishona foronya kutwa nzima, na alikuwa na kipaji cha kusinzia sindano ikiwa bado hewani. Alimtazama Meneja, akamtazama na Kipa aliyeshika upawa wa chuma wenye mpini mrefu, akarudi kwenye foronya yake.

*

Asubuhi ya kwanza, Kipa alijipanga kando ya beseni la mchanga, magoti amekunja, macho kwa mpigaji. Meneja akaja. Akanusa, akachimba, akachuchumaa. Kipa akasogeza upawa. Meneja akasimama. Kipa akarudisha upawa. Meneja akachuchumaa. Kipa akasogeza. Meneja akasimama tena, akamtazama usoni, jinsi bosi anavyomtazama mfanyakazi aliyefungua mlango bila kubisha. Waliendelea hivyo mpaka magoti ya Kipa yakaanza kulia. Ya Meneja hayakuwa na neno. Kisha paka akaondoka zake, Kipa akageuka kutafuta simu iliyokuwa inaita, na nyuma yake akasikia mchanga ukifukiwa taratibu, kwa adabu zote.

Bao.

Asubuhi ya pili alibadili mbinu. Alijificha nyuma ya mlango, akangoja mpaka Meneja azame kwenye shughuli, halafu akaruka kwa urefu wake wote, kama yule wa kwenye picha ya kalenda ya timu. Akadaka mchanga. Mwingine ukaingia kinywani. Mchanga huo ulikuwa na unyevu, hilo halina ubishi, lakini mchanga wa paka una kazi moja tu duniani, nayo ni kunyonya, na ulikuwa umeshaimaliza. Meneja alikuwa juu ya friji, akijilamba bega.

"Weka kokoto," mkewe akamwambia jioni, akiweka mezani mikate ya siku kutoka kwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi.

"Leo alikuwa na bahati."

"Haya. Basi kula hata kipande kimoja, bado wa moto."

"Nimekwambia wanga nimeacha. Kocha kasema nikiruka, lango linatikisika." Akausukuma mkate pembeni, akajivutia sahani ya mayai na kipande cha nyama. Ilikuwa wiki ya pili sasa hajagusa mkate, wali wala kiazi, na mkewe, ambaye hutumia maisha yake kukanda unga, alianza kulichukulia jambo hilo kama tusi kwa ukoo.

Asubuhi ya tatu ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya mke, akaufungulia mezani kabla ya kutoka. Sauti ya mama mkwe ilikuwa kavu. "Binti yangu, siku mbili sina habari. Mwambie huyo bwana, kama imemshinda, aseme tu. Nitamwomba mwanangu aje amchukue Meneja."

Mwanangu! Yule wa pembe za mpira! Mke alipoondoka, Kipa akachukua simu yake, na vidole vikaandika kabla kichwa hakijaulizwa: *Mama, ile habari nimeipata. Kila kitu safi.*

Jibu likarudi upesi mno. *Nipigie video. Nataka nikione kijiti kikichovywa kwa macho yangu. Picha siziamini.*

Na kwa nini aziamini? Mama mkwe alikuwa msimamizi wa mitihani mpaka alipostaafu. Watu walisema alimjua anayeibia majibu kwa kumtazama masikio tu.

Kipa akamgeukia Meneja. Meneja alikuwa amemaliza chakula chake chote na alikuwa anapigana na kamba ya pazia, na kamba ndiyo iliyokuwa inaomba msaada. Huyu mgonjwa? Huyu ana moshi ndani? Paka mzima, Kipa akajiambia, kinachokosekana ni ushahidi tu. Akafikiria maji ya bomba, lakini maji hayana rangi na mama mkwe hana upofu. Akafikiria chai. Chai ya nyumba hiyo ilikuwa na sukari kuliko Meneja.

Ndipo akili ikamletea wazo ambalo akili za watu wengine hulificha. Mimi je? Mimi si mzima? Sina kisukari, nafanya mazoezi, nakula kama mwanariadha. Kijiti kitatoka krimu tupu, mama atatulia, kesho nitaweka hizo kokoto zao kimyakimya, na hakuna aliyeumia.

Akapita kwenye ujia na upawa wake. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, sindano hewani. Kalala. Kipa akaingia bafuni, akasukuma mlango, komeo likaanguka kama kawaida yake. Kabla hajaanza, mlango ukafunguka taratibu kwa kusukumwa na kichwa cha rangi ya chungwa. Meneja akaingia, akakaa sakafuni mbele yake, akakunja mikono kifuani, akatazama.

"Na wewe unatazama nini?" Kipa akanong'ona. "Haya yote ni kwa ajili yako."

Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, upawa ukapata ulichokitafuta. Alidaka vizuri sana, halikumwagika hata tone.

*

Alipiga video kutoka mezani jikoni. Uso wa mama mkwe ukajaa kwenye kioo cha simu, miwani imeshuka puani. Kipa akauonyesha upawa, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipompiga: yeye, aliyeshindwa kutamka neno hilo mbele ya mkwewe, sasa alikuwa anamwonyesha la kwake mwenyewe, kwa mwanga mzuri wa asubuhi.

"Mbona nyingi hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Anakunywa sana maji, mama."

"Haya. Chovya."

Akachovya, akahesabu kimoyomoyo, akakiweka kijiti kando ya simu. Kiraka cha sukari hakikutikisika. Kipa akaanza kutabasamu. Kisha akatazama kiraka cha pili.

Mtu mwingine angeweza kujidanganya. Angeweza kusema ni kivuli, ni mwanga, ni macho. Lakini Kipa alikula kwa kuchanganya rangi, na macho yake hayakumpa nafasi hiyo. Kiraka kilianza krimu, kikawa waridi iliyofifia, kikawa waridi ya chumba cha watoto, kikapita ile ambayo wateja huipeleka sebuleni kisha wakajuta, kikatulia kwenye zambarau iliyoiva, ile ya kopo la mwisho kabisa kwenye rafu.

"Mungu wangu," mama mkwe akasema.

Halafu ikaja sauti ambayo Kipa hakuwahi kuisikia kwa mwanamke huyo. Kwenye msiba wa mumewe mwenyewe alipanga foleni ya chakula na kumrudisha nyuma mtu aliyetaka kupakua mara mbili. Sasa alikuwa analia. "Ndiye pekee aliyebaki kwenye kile kiti cha mzee," akasema. "Usiniache, Meneja. Baba, usiniache."

Kipa akafungua mdomo aseme. Alidhamiria kabisa. Mdomo ukatoa: "Usiogope mama, nipo naye."

"Asante," mama mkwe akasema kwa kwikwi. Asante! Kwa huyo bwana! Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kukiri baada ya hapo? "Nampigia daktari. Nakuja."

Simu ikakatika. Meneja akaruka mezani, akanusa upawa, akarudi nyuma kwa dharau.

*

Walifika karibu kwa pamoja. Daktari kwa pikipiki, begi mgongoni. Mama mkwe kwa teksi, mguu mmoja umevaa kandambili na mwingine kiatu cha safari. Mke naye alikimbia kutoka kazini, unga bado umeganda kwenye viwiko. Wakamzunguka Meneja pale kwenye ujia penye mwanga, juu ya meza ndogo ya Shangazi, foronya zimesukumwa kando. Kipa alisimama nyuma kidogo, mikono mfukoni.

Daktari akamchoma Meneja kidogo kwenye ncha ya sikio, akagusisha tone la damu kwenye kimashine chake. Mama mkwe akafumba macho.

"Ketoni hakuna," daktari akasema.

"Hakuna kubwa?"

"Hakuna kabisa, mama. Na sukari yake nzuri kuliko wiki iliyopita. Huyu atatuzika sote." Meneja, kama kuthibitisha, akamng'ata kidole.

Mama mkwe akaketi ghafla ubavuni mwa Shangazi, akacheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. Kipa akaanza kupumua. Mambo yangeishia hapo, watu wangekunywa chai, kama daktari asingekuwa mtu wa kutaka kujua.

"Kipo wapi kile kijiti?" Akakigeuzageuza. "Hiki kituko. Ketoni zimejaa, sukari sifuri. Meneja hajawahi kukosa sukari kwenye mkojo tangu nimfahamu."

"Vibovu hivyo," Kipa akadakia. "Vijiti vibovu. Nilivitilia shaka tangu mwanzo."

"Inawezekana. Tujaribu kwa mtu mzima wa afya tuone." Daktari akatazama huku na huku, na macho yake yakatua pale yalipotakiwa kutua. "Wewe si mwanamichezo? Chukua kikombe."

"Mimi? Mimi sina… sasa hivi sina haja."

"Umekunywa jagi zima la maji tangu nifike," mkewe akasema. "Nenda, bwana wee, unaona aibu gani?"

Akaenda. Akarudi na kikombe, amekifunika kwa kiganja. Daktari akachovya kijiti kipya. Wote wakainama: sukari sifuri, ketoni zambarau iliyoiva, kopo la mwisho kwenye rafu.

"Mnaona?" Kipa akapaza sauti, na safari hii furaha ilikuwa ya kweli. "Si niliwaambia vibovu!"

"Ngoja," daktari akasema. Akachukua kikombe kingine, akaingia bafuni yeye mwenyewe, komeo likaanguka, akarudi. Akachovya. Wakasubiri. Krimu. Krimu safi, krimu ya ukuta wa hospitali. "Vijiti vizima," akasema polepole. "Samahani, bwana Kipa, wewe umeacha wanga?"

"Wiki ya pili hii!" mke akarukia, akifurahi kupata mtu wa kumshtakia. "Mkate wangu hagusi, wali hagusi. Mayai na nyama kama simba."

"Basi ndiyo hiyo. Mwili ukikosa wanga, unachoma mafuta. Moshi ni ule ule, ila kwa mtu mzima wa afya kama yeye hauna madhara. Ketoni juu, sukari hakuna." Daktari akaanza kutabasamu, kisha akajizuia, maana alikuwa amevitazama tena vile vijiti viwili vya zambarau alivyovilaza sambamba mezani.

Na mama mkwe naye alikuwa anavitazama. Machozi yalikuwa yamekauka. Alisogeza miwani juu ya pua, na Kipa akahisi, bila kujua kwa nini, masikio yake yakipata moto.

"Maisha yangu yote nimesahihisha na kusimamia," mama mkwe akasema, akiwa ameikabidhi dari maneno hayo. "Jibu sahihi, watu wawili wanaweza kulipata kila mtu kivyake. Lakini karatasi mbili zikiwa na kosa moja, lile lile, mahali pale pale…" Akavisogeza vile vijiti viwili vikagusana. "Swali langu huwa moja tu. Nani alikaa karibu na nani?"

"Ni bahati mbaya tu, mama," Kipa akasema. "Mambo hugongana. Ile habari niliidaka mimi mwenyewe kutoka kwa Meneja, hewani, kwa upawa. Hakuna aliyekuwepo, lakini Meneja angekuwa na mdomo…"

"Nini?" akauliza Shangazi.

Wote wakageuka. Shangazi alikuwa amekaa pale pale siku zote, kwenye kiti chake mkabala na bafu, na sindano ilikuwa hewani.

"Wanauliza, shangazi," mke akamwambia kwa sauti kubwa sikioni, "kama ulimwona Meneja akijisaidia kwenye upawa asubuhi!"

"Ah, Meneja hapana." Shangazi akatabasamu, akavuta uzi. "Meneja alikuwa amekaa tu anatazama. Aliyekuwa na upawa ni huyu kijana. Mlango si haufungi? Nikamwona amesimama, paka yuko mbele yake ametulia kama mwanafunzi. Nikasema moyoni, jamani, mume wa binti yetu ana subira. Tangu juzi paka haelewi, leo ameamua kumwonyesha mfano."

Daktari akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mke akashika ukuta. Kipa alitazama sakafu, akatazama kikombe, kisha kwa mara ya kwanza akaitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa.

Mama mkwe akasimama, kandambili mguu huu, kiatu mguu ule. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa.

"Mwanangu," akasema.

Kipa akainua kichwa. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku ya keki. "Naam, mama."

"Mtihani unarudiwa. Kaoshe kokoto. Na safari hii nakusimamia mimi mwenyewe."